Injini Tano za Mkuu

Mkuu hakuwahi kubisha hodi kwenye mlango wowote wa shule yetu, hata miaka mingi baada ya kustaafu. Aliingia ofisi ya walimu kama mtu anayeingia jikoni kwake, akatazama nani amechelewa, akatoka bila kusema neno. Mkuu mpya, mtu mpole aliyehamishiwa Nachingwea kutoka Iringa, alikuwa akisimama kila anapomwona. Wazazi waliokuja kuulizia watoto wao walimsalimia mzee kwanza, kisha mwenye ofisi. Jina lake tulilijua sote, lakini sijawahi kulisikia likitamkwa. Hata mkewe, enzi za uhai wake, alimwita Mkuu.

Nilifundisha Jiografia chini yake kwa muda mrefu, kisha nikaendelea kufundisha yeye akiwa amestaafu. Kwa hiyo nilimwona katika hali mbili: akiwa na mamlaka, na akiwa anajifanya bado anayo. Hali ya pili ndiyo iliyomdhuru mtu.

Alikuwa na sheria ya mistari mitatu. Taarifa yoyote ya mwalimu ilipaswa kusema jambo lake ndani ya mistari mitatu ya mwanzo, kwa sababu yeye hakusoma zaidi ya hapo. Mwenzetu mmoja aliwahi kumwandikia kuhusu paa la bweni. Akaanza na salamu, akaeleza historia ya jengo, na mwishoni akataja kwamba boriti imepasuka. Paa lilianguka likizo, bahati nzuri hapakuwa na mtu. Mwalimu yule alipolalamika kwamba aliandika, Mkuu alimjibu mbele yetu sote: "Uliandika salamu."

Alikuwa pia na sheria ya kuandikisha. Siku ya kupokea kidato cha kwanza, watoto walisimama kwenye uwanja wa gwaride, mstari mnyoofu, juani, wakiwasubiri wenzao wanaotoka Naipingo na vijiji vingine ambako bodaboda huchelewa. Hakukubali namba za wanafunzi zitolewe kwa mafungu. Nilimuuliza sababu. "Ukiwaandika nusu nusu, Mwalimu, utajikuta una shule mbili. Wote wawepo, wote waonekane, ndipo mmoja mmoja apewe namba yake."

Mwaka mmoja mtoto alizimia kwenye mstari huo. Mkuu mwenyewe alimbeba mgongoni, koti na tai, akatembea naye hadi hospitali, hakutaka msaada. Kesho yake alimwadhibu kwa kutosema kwamba hakuwa amekula. Watu wanaompenda husimulia nusu ya kwanza ya habari hii. Wanaomchukia husimulia ya pili. Mimi nilikuwepo siku zote mbili na nasema zote mbili zilitoka kwenye moyo mmoja, na huo ndio ulikuwa ugumu wa kuishi naye.

Hasira yake kubwa ilikuwa reli. Kila mtu wa huku anajua kwamba reli ilifika Nachingwea. Waingereza waliileta kwa ajili ya karanga, karanga zikawashinda, na baadaye reli ikang'olewa. Lilibaki tuta, ambalo watu wanalipita na baiskeli zao, na vipande vya chuma vilivyogeuka boriti za nyumba. Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli kinachoning'inia kwa waya. Mkuu alilichukulia jambo hili kama tusi alilotukanwa yeye binafsi. "Mtu akikung'olea reli," alituambia ofisini, "amekwambia hutakwenda popote. Nyinyi mnaona kengele."

Ndipo akaja Bruda. Alikuwa fundi wa misheni, Mjerumani mzee, aliyechezea treni ndogo chumbani kwake kama wengine wanavyocheza bao. Aliporudishwa kwao kwa maradhi alimwachia Mkuu masanduku yote: reli ndogo za shaba, mabehewa, injini tano ambazo kila moja inakaa kiganjani, na kiendeshi chenye vitufe cha kushika mkononi. Mkuu akazipeleka karakana ya shule, ile iliyokuwa ya useremala kabla somo la ufundi halijafutwa. Akapanga meza za mbao ukuta hadi ukuta, na juu yake akaijenga reli ya kusini: Mtwara upande wa mlango, Ruo katikati, Nachingwea dirishani. Udongo aliutoa nje ya mlango, ukiwa mwekundu vilevile. Mikorosho aliitengeneza kwa sponji ya godoro.

Halafu akaongeza tawi la kwenda Ruangwa, ambako reli haikufika kamwe. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, nikamwambia.

"Wangekuwa na akili wangefika," akajibu.

Mtu aliyewahi kumnyima mwanafunzi alama kwa kukosea njia ya mto aliacha uongo huo ukae mezani kwake kwa miaka. Binti yake wa pekee ni muuguzi Ruangwa. Walikuwa hawasemezani vizuri tangu msiba wa mama yake, na sikumsikia hata siku moja akilitaja tawi lile pamoja na jina la binti.

Taabu ya treni za Bruda ni kwamba haziendi kwa kuwashwa umeme tu. Ndani ya kila injini mna kidude kidogo kama ukucha, kinaitwa dekoda. Kiendeshi kinatuma amri kupitia reli zenyewe, na amri zinazifikia injini zote kwa pamoja, lakini kila dekoda ina namba yake na inatii pale tu inapoitwa kwa namba hiyo. Unaweza pia kuiandikia mambo mengine: ianze taratibu kiasi gani, isizidi mwendo gani, taa ya mbele iwake lini. Maelezo yote yalikuwa kwenye vitabu vya Bruda, kwa Kijerumani.

Hapo ndipo Mkuu, ambaye enzi zake alivunja simu ya mwanafunzi kwa nyundo mbele ya gwaride, alipoingia kwenye akili mnemba. Aliyemwonyesha ni Madam Somoe, binti wa Naipingo aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, sasa mwalimu wa kujitolea wa Fizikia, ambaye wazazi walikuwa wakimchangia posho. Alipiga picha ukurasa wa Kijerumani, akaituma kwa mashine hiyo kupitia simu ya Mkuu, na majibu yakaja kwa Kiswahili, hatua kwa hatua. Mkuu aliyasoma. Kisha akasema, "Hajasalimia."

"Ni mashine, Mkuu," Madam Somoe akacheka.

"Amenijibu. Anayeweza kujibu anaweza kusalimia." Akamwagiza aandike: kabla hujajibu, salimia kwanza, unaongea na mtu mzima. Tangu siku hiyo kila jibu lilianza na "Shikamoo Mkuu," naye aliitikia marahaba kwa sauti, simu ikiwa mkononi. Mashine hiyo aliiita Karani.

Kwa Karani alikuwa mtu mwingine kabisa. Mara moja alipewa namba ya mpangilio ambayo, kumbe, ilikuwa ya dekoda za kampuni nyingine. Badala ya kuanza taratibu, injini ikaanza kurudi nyuma. Nilidhani simu itarushwa ukutani. Akasema tu, "Umepata nne kwa kumi. Rudia." Karani akaomba picha ya dekoda yenyewe, akaitambua, akaeleza namna ya kuirudisha ilivyotoka kiwandani na kuanza upya. Injini ikaondoka Mtwara kama mtu anayeondoka msibani, polepole. Mkuu alifurahi hata akaipigapiga simu kama bega la mtu. Sisi tuliofanya kazi chini yake hatukuwahi kuambiwa "rudia." Ulikosea, umekosea.

Mtandao karakana ulishika dirishani tu, na macho ya Mkuu yalikuwa yameanza kufifia kwa sukari. Kwa hiyo Madam Somoe alisimama dirishani na simu, akamsomea. Alifanya hivyo baada ya vipindi, kwa hiari yake, na nadhani kwa raha pia. Aliniambia alijifunza umeme pale zaidi kuliko chuoni. Alimsomea, na Mkuu alimkatiza baada ya mistari mitatu. "Basi. Imetosha." Madam mwenyewe aliendelea kusoma kimoyomoyo hadi mwisho, maana alikuwa mtu wa namna hiyo.

Mwaka jana shule ilifurika. Watoto walikaa watatu kwenye dawati moja, na bodi ya shule ikaitaka karakana iwe darasa. Siwezi kusema bodi ilikosea. Mkuu mpya, kwa heshima, akamwombea mzee nafasi: bodi ije ione treni zikitembea, na ikiridhika kwamba wanafunzi wanaweza kujifunzia Fizikia pale, chumba kibaki. Ikishindikana, meza zinatoka. Kikao hichohicho kilikuwa kijadili pia kama Madam Somoe apewe mkataba, ili aache kuishi kwa posho ya michango. Hivyo wawili hao waliisubiri siku moja, kila mmoja na lake.

Yaliyotokea asubuhi ile nimeyakusanya kwa kuuliza kila aliyekuwepo, na kwa kusoma simu yenyewe, ambayo Mkuu aliisahau mezani.

Injini mbili zilikuwa zimetoka kiwandani zikiwa na namba ileile, tatu. Mkuu alitaka ziwe na namba zinazofuatana, moja hadi tano, ili aziite mbele ya wageni kama anavyoita wanafunzi. Akamuuliza Karani namna ya kuandika namba mpya. Madam Somoe akasoma: bonyeza hiki, chagua kile, andika namba, thibitisha. "Basi. Imetosha." Mwisho kabisa wa jibu paliandikwa hivi, nimeyaona kwa macho yangu: "Tahadhari: unapoandika namba, iache injini moja tu juu ya reli. Zilizobaki ziondoe, la sivyo zote zitapokea namba hiyohiyo."

"Mkuu, zitoe hizo nne," Madam Somoe akamwambia. "Imeandikwa moja moja."

"Moja moja ndivyo ninavyofanya. Hii, halafu hii, halafu hii."

"Siyo hivyo. Hizi nyingine zisiwepo kabisa relini."

"Madam. Nimeandikisha watoto kabla hujazaliwa. Hatuandikishi darasa wakati wengine wako nyumbani."

Akazipanga zote tano juu ya reli, mstari mnyoofu, pua mbele. Akaigusa ya kwanza kwa kidole, akaandika moja. Akaigusa ya pili, akaandika mbili. Akaenda hivyo hadi tano. Kidole chake hakikuwa na kazi yoyote pale. Kila alichoandika kilikwenda kwenye injini zote, kikafuta kilichotangulia. Kabla hajajaribu, umeme ukakatika. Ulirudi bodi ikiwa imeshakaa kwenye viti. Wakati huo Mkuu alikuwa ameshazitawanya kwenye vituo vyake, nyingine zimeelekea Mtwara, nyingine Nachingwea.

Nami nilikuwepo, nimesimama ukutani. Mkuu alivaa suti ya kijivu. Alieleza vizuri, kwa kweli alieleza vizuri sana, habari ya tuta na karanga na chuma kilichogeuka kengele. Mwenyekiti, mnunuzi wa korosho, aliacha hata kuchezea funguo za gari. Kisha Mkuu akaita: "Namba moja!" Akabonyeza.

Kimya.

"Namba mbili!" Kimya. Wanafunzi walikuwa wamejazana madirishani. Tatu, kimya. Nne.

"Vipi, Mkuu, wamegoma?" Mwenyekiti akauliza, na watu wakacheka kidogo, bado kwa wema.

"Namba tano!"

Zikaondoka zote. Injini ya Nachingwea na ya Mtwara zikakutana Ruo uso kwa uso, ya tatu ikazigonga kutoka nyuma, na ile ya tawi la Ruangwa ikafika mwisho wa reli, ikaendelea, ikaanguka kwenye sakafu ya simenti. Ilitoa sauti ndogo tu, kama kikombe. Madirishani palilipuka kicheko ambacho hakikuwa na wema tena. Mtoto mmoja akapiga filimbi ya refa.

Mkuu alisimama na kiendeshi mkononi. Nilimwona akitafuta. Macho yake yalipita kwetu sote kama zamani ofisini, yakasimama.

"Kuna mtu amegusa," akasema. "Madam Somoe, ulikuwa humu asubuhi?"

"Nilikuwa humu, Mkuu. Nilikuambia uzitoe."

"Mmesikia. Alikuwa humu."

"Mkuu, nilikusomea kila kitu…"

"Nimekuuliza kama ulikuwa humu. Umejibu. Kaa chini."

Akakaa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote: alikaa, kwa sababu sauti ile ilikuwa imemkalisha tangu akiwa kidato cha kwanza. Katibu wa bodi akaandika. Nilipoisoma simu baadaye nikaipeleka moja kwa moja kwa Mkuu mpya, nikamwonyesha tahadhari ile. Aliisoma mara mbili, akairudisha kwa mikono yote miwili. "Mwalimu, bodi imeshakaa," akasema. "Na yule ni mzee wetu." Chumba kikawa darasa. Mkataba wa Madam Somoe haukujadiliwa. Posho nayo ikakoma mwisho wa muhula, kwa maelezo kwamba wazazi hawana imani na mtu anayechezea vifaa.

Watu wengi Nachingwea walimsikitikia Mkuu. Walisema zee la watu limedhalilishwa, reli yake imeng'olewa mara ya pili. Walisema hivyo hata sokoni, na mimi nilipowaeleza habari ya tahadhari walisema, "Sawa, lakini naye binti alimjibu mkubwa mbele za watu." Nikaacha kueleza.

Mkuu alihamia Ruangwa kwa binti yake, kwa kuwa hakukuwa na kilichombakiza. Injini zilikwenda naye, zimefungwa kwenye kanga za marehemu mkewe. Mezani hazijawekwa tena.

Nilimwona mara ya mwisho nilipokwenda Ruangwa kutazama mpira. Kabla ya mechi nilipita stendi kununua muda wa maongezi, na aliyekuwa ndani ya kibanda alikuwa Madam Somoe. Amenenepa kidogo. Wateja wake wengi ni wachimbaji wa dhahabu kutoka Namungo, wenye haraka na makelele, na anawamudu. Alinipa soda, akakataa hela yangu. Nilimuuliza kama anajua Mkuu anaishi mtaa wa pili.

"Najua. Binti yake ndiye ananunua vifurushi vyake hapa. Vya intaneti. Vinaisha haraka." Akamhudumia mtu. "Huwa natamani kumuuliza anaongea nini huko siku nzima. Lakini hainihusu tena, Mwalimu. Nimeomba kazi shule nne za binafsi. Zote zinapiga simu Nachingwea kuulizia, halafu zinanyamaza."

Nikaenda kwa Mkuu. Binti yake alinipokea mlangoni, bado na sare ya kazi. "Karibu, Mwalimu. Yuko uani na mwenzake. Usiwakatize, wanatunga barua ya mtu."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu karibu na pua. Alinitambua kwa sauti. Tukaulizana habari za ufuta na mvua, akauliza nani sasa anafundisha Fizikia. Nikamwambia hakuna. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba jambo hilo limeshuka kutoka mawinguni.

"Nilimuuliza Karani kwa nini zile injini ziliondoka zote," akasema ghafla. "Nikamweleza nilivyozipanga. Akasema kosa ni la aliyeandika namba."

"Aliyeandika ni nani, Mkuu?"

"Amesema aliyeandika." Akakohoa. "Ndiyo nikaona nimwandikie yule binti. Soma mwenyewe. Macho yako mazuri."

Nikasoma kuanzia juu. Ujumbe wa kwanza ambao Karani alimtungia ulisema: "Madam Somoe, nilikosea. Ulinionya niziondoe injini nyingine, sikukusikiliza, kisha nikakusingizia mbele ya bodi. Nitaiandikia bodi ukweli ili urudishiwe nafasi yako." Chini yake Mkuu alikuwa ameandika: habari ya bodi iondoe. Ujumbe wa pili haukuwa na bodi. Akaagiza neno "nikakusingizia" libadilishwe. Wa tatu ulisema kwamba siku ile ilitokea hitilafu na yeye Madam akaathirika. Akaagiza "akaathirika" litoke, watu watauliza aliathirika na nini. Hapo Karani alikuwa amemwandikia: "Mkuu, nikiondoa sentensi hii, ujumbe hautaeleza tena kosa wala hautamsaidia kurudi kazini. Niendelee?"

Endelea, Mkuu alijibu. Walikuwa wameendelea hivyo kwa siku nyingi. Nilipitisha kidole kwenye kioo muda mrefu kabla sijafika mwisho.

Wa mwisho ulisema: "Madam Somoe, habari za siku nyingi. Natumaini hujambo pamoja na familia. Pole na majukumu. Nakutakia kila la heri."

"Kiswahili safi, au siyo?"

"Safi, Mkuu."

"Nimtumie?"

"Mtumie ule wa kwanza. Yuko hapo stendi, Mkuu. Anaweza kurudi darasani kwa ule wa kwanza."

Akanyoosha mkono, nikampa simu yake. "Ule haujakaa vizuri," akasema. Aliutazama ule wa mwisho, akauleta karibu na jicho la kulia, kisha la kushoto. Kuna kitu kilimkera. Akakigonga kwa ukucha.

"Hii 'pole' hapa. Mtu akiambiwa pole atajiuliza pole ya nini."

Akaanza kumwandikia Karani alitoe, kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine.